Nyayo za Vidole Vinne

Mume wangu Nduwayezu ana vidole tisa vya miguu. Kidole kidogo cha mguu wa kulia alikiacha shambani mwaka tuliooana, tulipokuwa tukifyeka msitu na shoka likamteleza. Kwa miaka yote hiyo jambo hilo lilikuwa la kuchekea tu. Akichelewa kurudi kutoka sokoni Kibondo nilimwambia amepungukiwa na mwendo, naye alinijibu kwamba kidole kilichobaki shambani ndicho kinacholinda mahindi. Sikujua kwamba siku moja watu wazima wenye akili zao wangekaa kumhesabu vidole ili wapate sababu ya kumchoma moto.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2014, kiangazi kimeshika kweli. Kijiji chetu kiko bondeni, chini ya barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, na mto wetu wa Nyamwiru ulikuwa umekatika vipande vipande. Tulibaki na madimbwi, moja huku, jingine kule, na katikati mchanga mkavu. Mamba tulikuwa nao tangu zamani. Kwa Kiha tunamwita ingona, na kila mtoto anafundishwa tabia zake: anaishi majini, anaota jua ukingoni, na akitoka anajiburuta kwa tumbo, mchanga unabaki umelainika kama umepitishiwa gunia la mahindi. Kwa hiyo dimbwini hatukusogea. Maji ya kunywa tulichimba mchangani, kwenye ukavu, mbali na dimbwi, na hapo mwanamke aliinama na kuchota huku akiimba. Mchanga mkavu ulikuwa wetu.

Swaumu alikuwa ameinama hapo hapo asubuhi aliposhikwa. Alikuwa mke wa Gharibu mwenye duka, na alikuwa rafiki yangu, mtu wa kuniazima kitenge na kunidai nikirudishe kabla sijakivaa. Niliposikia ukelele nilitoka kitandani bila viatu. Nilimkuta amelala kando ya shimo la maji, paja limechanika, na hapakuwa na mnyama wala mtu. Gharibu alikodi gari la mizigo lililokuwa linapita barabarani tukampakia. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa chake, mumewe ameshika miguu.

"Mama Pasikali," akaniambia, kwa sababu Pasikali ni mwanangu wa kwanza, "kile kitu kilikuja kinatembea."

Nikamwambia asiseme, atunze nguvu.

"Hakikutambaa. Kilisimama juu ya miguu yake, tumbo liko juu. Nilidhani ni mbwa wa watu."

Gharibu alisikia kila neno. Nilimwona akisikia, macho yamemtoka. Swaumu alifariki hospitalini kabla ya adhuhuri, na maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa hayo. Nilishtuka sana, lakini wakati ule nilishtuka kwa kifo tu.

Tuliporudi kutoka mazikoni wanaume walikwenda moja kwa moja mtoni. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Bazilio, alikuwa ameagiza nyayo zifunikwe kwa mabeseni upepo usizifute, maana ndivyo tunavyofanya mwizi akipita. Beseni langu jekundu lilikuwa mojawapo. Yakafunuliwa moja moja, wanaume wamechuchumaa, sisi wanawake tumesimama nyuma yao.

Kulikuwa na nyayo za aina mbili. Ndogo zilikuwa za mbele, vidole vitano vimetanuka kama mkono wa mtu aliyejiegemeza chini. Kubwa zilikuwa za nyuma, ndefu, zina kisigino kabisa, na kila moja ilikuwa na vidole vinne. Katikati ya nyayo kulikuwa na mstari mwembamba kama wa kamba inayoburutwa. Mchanga wa pembeni ulikuwa na chembechembe zake vile vile ulivyoachwa na upepo.

"Ingona anaburuta tumbo," alisema Bazilio. "Hapa tumbo limepita wapi?"

Tumbo halikupita popote.

"Basi huyu hakuwa ingona. Huyu ni mtu, alitembea kwa mikono na miguu. Mkono una vidole vitano. Hii ni kamba yake. Na mguu wake una vidole vinne."

Hakuna aliyemtazama mume wangu. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba watu arobaini walikuwa wanatazama mchanga kwa bidii kubwa namna ile. Mimi nilitazama. Nduwayezu alikuwa amevaa kandambili zake za siku zote, na nilimwona akirudisha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto, taratibu, kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikauliza, "Na hizi kucha?" Kwa sababu zilionekana, zimechoma mchanga mbele ya vidole.

"Mchawi hakosi kucha," akanijibu mtu mmoja.

Kesho yake likapigwa baragumu, wanaume wote wafike ofisi ya kijiji. Bazilio hakutaka kumtaja mtu kwa jina. Alitaka haki, alisema, na haki yake ilikuwa gwaride la miguu. Walimwaga majivu mlangoni pa ofisi, wakayasawazisha kwa ufagio, na kila mwanamume akatakiwa kuvua kiatu na kukanyaga mara moja. Mguu wa kulia tu, akasema, ili tusikeshe hapa. Mwanzoni watu walitaniana. Kuna waliochekwa kwa nyufa za visigino, kuna aliyeambiwa mguu wake ungetosha kulimia. Kila mmoja akishakanyaga, majivu yakasawazishwa tena.

Ikafika zamu ya mume wangu. Alivua kandambili, akaiweka kando vizuri, akakanyaga. Vidole vinne vikabaki pale kwenye majivu, na kicheko kikakatika.

Mimi sina subira, na siku hiyo sikuitafuta. Nilipita katikati ya wanaume nikasimama mbele ya Bazilio.

"Mwenyekiti, kule mchangani miguu yote miwili ina vidole vinne, kulia na kushoto. Mwambie huyu akanyage na wa kushoto."

"Mama Pasikali, tulia."

"Sitatulia. Twendeni mtoni mkahesabu upya."

Tulikwenda. Lakini wanawake walikuwa wameshachukua mabeseni yao, maana nguo zilikuwa hazijafuliwa tangu msibani, na mbuzi walikuwa wamepita. Mchanga ulikuwa umevurugika wote. Nilisimama pale nikitafuta mguu mmoja tu wa kushoto wa kumwokoa mume wangu, nikakosa. Hata beseni langu mimi mwenyewe lilikuwa nyumbani, binti yangu amelowekea mashuka.

Walimfungia Nduwayezu katika stoo ya ofisi, kwenye magunia ya mbolea. Bazilio alisema ni kwa usalama wake, na pengine ni kweli, kwa sababu vijana walikuwa tayari wanaulizana nani ana petroli. Mume wangu amezaliwa hapa. Babu yake ndiye aliyetoka Burundi, mwaka wa sabini na mbili, na tangu hapo tumelima, tumezika na kuozeshana na hawa watu. Paa la duka la Gharibu, Nduwayezu ndiye aliyelipiga misumari. Siku ile hakuna aliyekumbuka misumari, walikumbuka Burundi tu.

Aliyefika kutoka Kibondo asubuhi iliyofuata alikuwa afisa wanyamapori, anaitwa Tharsisi, kijana mwembamba mwenye pikipiki na bunduki. Yeye alikuwa ameambiwa kuna mamba, hakuambiwa kuna mchawi. Bazilio akamweleza yote mbele ya mkutano, nyayo, mikono, kamba, vidole vinne.

Tharsisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo ni mamba. Mamba wote, miguu ya mbele vidole vitano, miguu ya nyuma vinne. Na hiyo kamba ni ncha ya mkia."

"Na tumbo?" aliuliza Gharibu. Alikuwa hajala tangu msiba, sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Tharsisi akafanya jambo ambalo afisa hafanyi. Alilala kifudifudi pale kwenye vumbi, na sare yake, akatanua viwiko na magoti kwa nje.

"Hivi ndivyo mnavyomjua," akasema. "Miguu pembeni kama mjusi, tumbo chini. Hivyo anateremka majini, hivyo anaota jua." Kisha akavuta viwiko ndani, akayaleta magoti chini ya nyonga, na tumbo likanyanyuka. "Na hivi ndivyo anavyosafiri. Mifupa ya kifundo chake cha nyuma inazungukana, kwa hiyo mguu huo huo anaweza kuutanua kama mjusi au kuusimamisha chini ya mwili kama ng'ombe. Dimbwi likikauka anahama, na akihama hajiburuti. Anatembea." Akapiga hatua kadhaa namna hiyo, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mkono wa kushoto na mguu wa kulia.

Wanawake wakaziba midomo. Vijana wakacheka. Gharibu hakucheka.

"Afisa," akasema, "kumbe hata wewe unaweza."

Kicheko kilikufa. Nilimwona Tharsisi akiinuka na kujikung'uta haraka, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. Nilielewa kwamba hapa ushahidi wowote utakaoletwa utakwenda upande mmoja tu.

Wakakubaliana hivi, na Bazilio akatangaza. Afisa apewe mchana ule. Akiweza kuwaonyesha mamba anayetembea tumbo liko juu, Nduwayezu atafunguliwa. Akishindwa, mkutano utaamua wenyewe, na hakuna aliyehitaji kuuliza utaamua nini, kwa sababu dumu la petroli lilikuwa limeshapatikana na limewekwa kivulini wazi wazi. Gharibu akasimama akasema, "Nikimwona kwa macho yangu, nitamwomba Nduwayezu radhi mbele ya watu wote." Nilimshukuru kwa hilo. Nilidhani ametupa mlango wa kutokea.

Kabla hatujaondoka nilipita dirisha la stoo. Ni dirisha dogo lenye nondo.

"Kuna jambo?" akauliza mume wangu.

"Tunakwenda kumwona mamba akitembea."

"Mamba hatembei," akasema Nduwayezu. Naye amelelewa humu humu.

Dimbwi la chini lilikuwa limebaki tope na maji ya kufika magotini. Tharsisi alisema mamba yumo humo na hawezi kukaa zaidi, atatafuta dimbwi la juu lenye kina. Akatupanga juu ya ukingo, upande usio na upepo, akaweka mapafu ya mbuzi kwenye mchanga katikati ya madimbwi yale mawili. Tukalala chini kwenye nyasi kavu, kijiji kizima, kimya. Jua lilituchoma mgongoni. Mtoto wa mtu akikohoa anazibwa mdomo. Mimi nilikuwa namwomba Mungu amtoe yule mnyama aliyeua rafiki yangu, atoke tu, atembee vizuri.

Alasiri tope lilisogea.

Kwanza alitoka kama tunavyomjua, akijiburuta, tumbo likiacha mfereji. Nilisikia Gharibu, aliyelala karibu nami, akishusha pumzi. Mamba akafika kwenye mchanga mkavu, akasimama. Akatulia muda mrefu. Kisha viwiko vyake vikaingia ndani, magoti yakaja chini ya mwili, na yule mnyama akainuka.

Sina namna nzuri ya kulieleza. Nilijua litakuja, nilikuwa nimeliomba, na bado moyo wangu uliruka. Tumbo jeupe lilitoka mchangani, likapanda mpaka ningeweza kupitisha mkono chini yake. Miguu minne, mifupi, minene, ilisimama wima kama miguu ya kitanda. Akaanza kutembea. Mguu wa nyuma ulikanyaga karibu na pale wa mbele ulipotoka, bila haraka, kichwa kimeinuka, mkia nyuma unachora mstari wake mwembamba. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani kwake. Nilisikia mwanamke akianza kulia polepole.

Swaumu alikuwa amesema kweli. Hilo lilinichoma. Alitueleza kila kitu kwa maneno mepesi na tukamfanya shahidi wa uongo.

"Mmeona," alinong'ona Tharsisi. "Sasa mmeona."

"Tumeona," alisema Gharibu. Alikuwa amenyanyuka nusu, uso umekuwa wa majivu. "Nduwayezu."

Nilidhani anataka kumwomba radhi, kama alivyoahidi. Nikageuka nimtazame, na ndipo nikaona kwamba hakuwa akimzungumzia mtu wa stoo. Alikuwa anamwita yule mnyama. Na watu pande zote wakalipokea, kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, jina la mume wangu likipita kwenye nyasi.

Tharsisi akafyatua. Risasi ya kwanza ilimpata mamba bega la kushoto, miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa kidevu. Ya pili ilimpata nyuma ya jicho, akatulia.

Mtu angetarajia watu wateremke kwa mamba. Hakuteremka hata mmoja. Waliinuka wote wakageuka wakakimbia kupanda kijijini, wanaume kwa wanawake, na mbele yao Gharibu, na sauti zikiitana, bega, mwangalieni bega, bega la kushoto, maana kwetu husemwa jeraha la mnyama huonekana kwa mchawi aliyejigeuza. Nilikimbia nyuma yao nikiwa sina hata pumzi ya kupiga kelele. Nilipita pale kivulini dumu lilipokuwa. Halikuwepo.

Nilipofika ofisini mlango wa stoo ulikuwa wazi. Nduwayezu alikuwa amesimama nje, shati limevuliwa, na watu wamemzunguka kwa umbali wa hatua chache. Kijana mmoja alikuwa ameshika dumu. Gharibu peke yake ndiye aliyekuwa karibu, mkono wake uko juu ya bega la kushoto la mume wangu. Alilipapasa, akalibonyeza, akazunguka nyuma akaangalia mgongo. Akarudi mbele akalibonyeza tena. Halikuwa na kitu. Lilikuwa bega la mkulima, lina kovu la zamani la mzigo na jasho.

Gharibu aliutoa mkono wake, akakiangalia kiganja, hakuna damu. Hakuomba radhi. Alikaa chini pale pale kwenye majivu ya gwaride na kumlilia mkewe, nafikiri kwa mara ya kwanza, na Bazilio akamwambia kijana airudishe ile petroli ilikotoka. Watu wakapungua kidogo kidogo, kila mmoja amekumbuka ana shughuli nyumbani.

Nikamshika mume wangu mkono nikamwambia twende. Hakuvaa shati. Alitaka kwanza kumwona mamba, nami nikaona ni vema, aone kwa macho yake kitu kilichotaka kumuua.

Tharsisi alikuwa peke yake kando ya mzoga, anapima urefu. Alipotuona alifurahi kupata mtu wa kumweleza. Akaunyanyua mguu wa nyuma wa kulia wa mamba, akavitanua vidole tuone ngozi nyembamba iliyo katikati, vinne. Akazunguka akaunyanyua wa kushoto, vinne. Akaukunja na kuukunjua pale kwenye kifundo, unageuka huku, unageuka huku. Kisha akasogea pembeni kupiga simu Kibondo.

Nduwayezu alivua kandambili. Akaweka mguu wake wa kulia mchangani kando ya ule wa mamba, akautazama. Akaweka na wa kushoto, wenye vidole vitano, akautazama huo kwa muda mrefu zaidi.

"Walipokuwa wanakuja mbio niliwasikia wanasema bega," akaniambia. "Likaniuma. Kabla hawajafungua mlango, lilikuwa linaniuma."

"Ni woga."

"Ego, ni woga," akakubali.

Akalishika lile bega kwa mkono wa kulia, akasimama hivyo. Mainzi walikuwa wameanza kutua kwenye mdomo wa mamba.

"Mama Pasikali, asubuhi ile Swaumu aliposhikwa, mimi nilikuwa wapi?"

Katika mambo yote niliyoyaona tangu msiba, na nilikuwa nimeona mengi, hakuna lililonishtua kama sauti ile ya upole, ya mtu anayeuliza mahali alipoweka jembe.

"Ulikuwa kitandani," nikamwambia. "Niliruka juu yako nikitoka. Ulikuwa unakoroma."

"Una hakika?"

Aliniuliza hivyo mume wangu, amesimama juani kwa miguu yake miwili, na alikuwa anangoja nimjibu.